Kalibu ya Tao Niliyoifuata Mnyuzi

Nyie wenzangu mnaonisalimia kwa upole siku hizi kama mtu aliyefiwa, kaeni chini. Nimeona heri niandike mara moja kuliko kila mmoja kunivizia kisimani na ndoo yake na kuniuliza, "Bibi Roda, huko ulikumbwa na nini?" Kuandika nimejifunza uzeeni kwenye kisomo cha watu wazima. Mkono wangu bado mzito, kwa hiyo atakayecheka herufi zangu asome za kwake.

Mliokuwa shambani siku ya mkutano hamkusikia nilivyojitapa, basi naanzia hapo. Mnajua kanisa letu dogo lilivyokwama. Matofali tulifyatua wote, Wakristo na Waislamu, na wanaume wa msikitini walichoma tanuru pamoja nasi bila kuombwa mara mbili. Kuta zikapanda mpaka usawa wa mlango, zikasimama. Saruji na nondo za kijiji zilikwenda shuleni na zahanati, na hiyo ni haki, mtoto anasoma kabla bibi hajasali. Ikabaki juu ya mlango tujenge tao la matofali matupu, kama wazee wa zamani. Fundi Rashidi alijaribu. Akapinda mbao mbichi, akapanga matofali juu yake, alipozitoa mbao tao likaja chini lote kama mzigo wa kuni uliokatika kamba. Tukamshukuru Mungu kwamba hakuna aliyekuwa akipita.

Fundi akasema, "Bila kalibu ya kweli sijengi tena." Kalibu ni ile mbao ya nusu duara inayobeba matofali ya tao mpaka yashikane yenyewe. Mvua za masika zilikuwa karibu, na kuta za udongo zisizo na paa zikinyeshewa zinarudi kuwa udongo.

Hapo ndipo nilipofungua mdomo wangu. Nikasema babu yangu mzaa baba alikuwa mwashi, alijenga kanisa la mawe la misheni kule mbele ya Mnyuzi, na kalibu zao bado ziko juu ya maboriti. Nikasema, "Kanisa lile ni kama la kwetu. Mimi nikifika hawanikatalii kitu." Nilisema kwa sauti ya mtu anayekwenda kuchukua sufuria yake kwa jirani.

Mwenyekiti akanitazama. "Basi, bibi, nenda wewe." Siku hiyohiyo akampelekea padri wa huko barua kwamba naja.

Juu ya magunia ya mahindi

Nilipanda lori la mahindi hapa Sindeni, nikakaa juu ya magunia na watu wengine, khanga mbili kiunoni na moja kichwani kwa ajili ya vumbi. Hatukwenda mbali gurudumu likapasuka. Dereva akashuka, akalizunguka lori, akalitukana gurudumu kwa jina la mama yake, kisha akatuambia tukatafute kivuli.

Kwenye kivuli nikamkuta mzee mmoja ana karanga za kukaanga kwenye karatasi. Nikamuuliza kwao wapi. Akasema Tabora, yuko kwenye mashamba ya mkonge tangu ujana.

"Mnyamwezi?"

"Mnyamwezi."

Nikazinyakua karanga zote kutoka mkononi mwake, nikaanza kuzitafuna. "Mbeba mizigo wa watu wewe, karanga hizi uliiba kwa tajiri gani?"

Naye hakupoteza muda. Akavuta khanga yangu ya kichwani, akaitandika chini, akaikalia. "Mke wangu," akasema, "Wazigua nyie mvua ikinyesha mnakimbia, ugali ukiiva mnarudi. Afadhali nikalie khanga yako, labda itajifunza kazi."

"Matako yako yanaijua kazi? Tangu asubuhi yamekaa!"

Mwalimu mmoja kijana, mgeni wa Bukoba, akainuka amekunja uso kabisa. "Wazee wangu, tafadhali. Mzee, mrudishie bibi nguo yake. Bibi, mlipe mzee karanga zake. Sisi sote ni ndugu katika taifa moja." Watu wote wakacheka mpaka dereva akatoka chini ya lori kuuliza kumetokea nini.

Nikamwambia, "Mwalimu, tulia. Huyu ni mtani wangu. Mzigua na Mnyamwezi ni watani tangu mababu. Nikimkuta na kitu nachukua, akinikuta na kitu anachukua, tunatukanana mpaka jua linazama, na anayekasirika ndiye mwenye kosa. Siku nikifa, huyu ndiye atakayeruka kwenye kaburi langu na kudai kuku kabla sijafukiwa."

"Kuku wawili," mzee wa Tabora akasema. "Mwili huu kuuzika ni kazi ngumu."

Kijana wa watu akakaa chini, akatikisa kichwa. Gurudumu likazibwa, tukaondoka. Tulipovuka Ruvu, mto huu ambao wengine wanauita Pangani, nilikuwa nimejaa vumbi na karanga. Najiona malkia wa utani Handeni nzima. Andikeni hilo akilini, kwa sababu nilichokuja kufanya baadaye hakina kisingizio cha kutojua.

Kilole, kwa Mwanaidi

Korogwe nililala Kilole kwa Mwanaidi, binti wa marehemu dada yangu. Alinikuta dukani kwa Mhindi, barazani, nimekaa juu ya kifurushi changu. Mama wa duka alikuwa amenipa maji ya kunywa na kiti kidogo, na mimi nikakataa kiti kwa kiburi, nikasema sikuchoka. Miguu ilikuwa imevimba kama mihogo.

Mwanaidi alinipikia bada, ugali wetu wa muhogo, na perege wa Ruvu, mchuzi wa nazi mzito, nikala mpaka nikaona aibu kuomba tena, nikaomba tena. Kisha akanipa habari moja, na habari ile ilikuwa ya makosa. Simlaumu, alisema alichokiona.

"Huko kilimani, mama mdogo, anayeshika funguo za kanisa ni Mzee Stefano. Padri yeye anazunguka vijijini, haonekani kila siku. Ukitaka kitu ni kwa Stefano. Mshambaa mmoja mkavu, hacheki ovyo. Huwa namwona sokoni anauza machungwa."

"Mshambaa una hakika?"

"Anaongea Kishambaa kama maji."

Sawa. Mshambaa ni ndugu yetu, lugha zetu zinasikilizana. Ndugu unamheshimu naye anakuheshimu. Nikalala nikipanga maneno ya heshima.

Treni isiyokuja, kisha ikaja

Treni ya kwenda Mnyuzi ilisemwa itakuja asubuhi. Asubuhi ikapita. Mama ntilie mmoja stesheni alikuwa na uji wa muhogo kwenye debe, tukanywa. Adhuhuri ikapita, tukanywa uji uleule, sasa una ngozi juu. Bwana wa stesheni alipoulizwa alijibu, "Iko njiani," kama vile kuna treni inayokaa mahali pengine.

Katika kungoja huko niliwahadithia wote walionizunguka habari za babu yangu. Alivyochonga jiwe. Alivyopanda juu na kamba. Mama mmoja mwenye kikapu cha nyanya aliniuliza, "Peke yake?" Nikasema, "Karibu peke yake." Mungu ananiona. Niliposhuka Mnyuzi jioni ile, nilikuwa nimeshamjengea babu yangu kanisa zima, na mnara ambao halina.

Kutoka stesheni nilipanda kwa miguu, mkonge upande huu, michungwa upande huu. Mama mmoja wa kanisani, Agnes, alikuwa ametumwa kunipokea. Mwanamke mwembamba, mwenye mikono ya kulima. Akachukua kifurushi changu, akakitua kichwani, tukaenda taratibu kwa ajili ya magoti yangu.

Nilivyolikuta

Nalieleza kanisa kwa sababu fundi Rashidi ameniuliza mara nyingi.

Ni la mawe ya mtoni, mawe ya bluu na ya kijivu, yamefungwa kwa chokaa. Refu kama ghala la mkonge, jembamba. Huku mwisho, nyuma ya altare, ukuta haukukatika pembe, umezunguka kama nusu ya chungu. Kati ya watu na altare kuna tao kubwa linalokwenda juu mpaka shingo inauma. Boriti za mvule nyeusi kwa moshi wa ubani wa miaka mingi. Zamani lilikuwa la nyasi juu, sasa bati. Chini ni vigae vyekundu vya udongo, na katikati pamelika, miguu ya watu imechimba njia. Niliingia nikavua viatu bila kuambiwa. Humo ndani kuna baridi ya chungu cha maji.

Kitu kimoja kilinishangaza. Kuta mbili hazifanani. Ule wa kushoto umenyooka, madirisha yake yamechongoka juu kama ncha ya mkuki. Ule wa kulia madirisha yake ni ya mviringo, na ukuta wenyewe umelala nje kidogo, mpaka wameuwekea mguu mkubwa wa mawe kule nje uuegemeze. Nikamuuliza Agnes kwa nini. Akacheka kidogo. "Utaambiwa kesho, bibi. Hilo lina mwenyewe wa kulisema."

Akanionyesha juu ya chumba cha mavazi ya padri. Kalibu zilikuwepo, zimelala juu ya maboriti, kubwa na ndogo, zina vumbi kama mbawa za popo waliokufa. Ile ndogo ilikuwa saizi ya mlango wetu kabisa, niliipima kwa mikono yangu kutoka chini.

Hapo akaingia Mzee Stefano. Mrefu, kanzu nyeupe imepigwa pasi, ndevu kidogo. Akanisalimu kwa Kishambaa, nikamjibu kwa Kizigua, tukaelewana vizuri.

"Kalibu padri ameshaniambia," akasema. "Kesho baada ya misa. Mzigua wa wapi, wewe?"

"Sindeni."

"Mzigua kabisa kabisa?"

"Kabisa kabisa. Na babu yangu ndiye aliyelijenga kanisa hili."

Akanitazama. Ndevu zikacheza. "Haya," akasema. "Kesho tutaonana." Akaenda zake.

Nilimwambia Agnes, "Mtu wenu ana dharau." Agnes akafungua mdomo kutaka kusema kitu, akaufunga. Baadaye aliniambia hakutaka kuwaharibia watu raha yao.

Jumapili

Ilikuwa Jumapili ya ukumbusho wa kanisa lao. Watu wamejaa mpaka nje, wengine wamekaa kwenye vizingiti vya madirisha. Ubani, nyimbo, padri akahubiri, yote mazuri. Mwishoni wageni wakaambiwa wasimame wajitambulishe.

Nikasimama. Niliwaza kusema jina langu, kijiji changu, salamu zenu, na ombi la kalibu. Ndivyo mlivyonituma. Lakini nilipoona macho yote yale, na mawe yale, kichwa kikavimba. Nikasema mimi ni Roda kutoka Sindeni, na babu yangu ndiye aliyejenga nyumba hii mliyokaa. Nikasema ukoo wetu ni wa waashi. Nikasema bila sisi mngekuwa mnasali chini ya miti. Nilisema mengi, na kalibu nikaisahau.

Nilipokaa, Mzee Stefano akasimama kunijibu kwa niaba ya wenyeji. Ameshika ule msalaba mrefu alioubeba kwenye maandamano. Uso mkavu kama wa hakimu.

"Tumemsikia mgeni wetu," akasema. "Asemayo ni kweli. Wazigua walijenga hapa. Tazameni ukuta wa kulia."

Kanisa zima likageuka kuutazama ukuta.

"Ule wa kushoto ulijengwa na wanaume. Padri Mzungu alitoa kamba, wakaifuata. Wazigua wakapewa kamba, wakaifungia mbuzi. Ndiyo maana ukuta umelala kama mlevi aliyerudi kutoka ngomani. Madirisha waliyafanya mviringo kwa sababu Mzigua hajawahi kunyoosha kitu, hata kitanda chake. Na mguu ule wa jiwe mnaouona nje, waliuweka si kwa ajili ya ukuta. Waliuweka wapate mahali pa kuegemea wakingoja ugali."

Vicheko vikapiga bati. Wanawake wanapiga vigelegele, wazee wanafuta machozi, na wote sasa wamenigeukia mimi. Wananitazama kwa furaha, midomo wazi, wanangoja.

Mimi niliona watu mia wananicheka. Niliona Mshambaa, ndugu, mtu wa heshima mwenye msalaba mkononi, anamvua nguo babu yangu ndani ya nyumba ya Mungu. Damu ikanipanda. Nikainuka, nikamnyooshea kidole.

"Mimi babu yangu ana ukuta hapa! Umelala, umesimama, ni wake! Babu yako wewe ana nini? Mtu wa kuokotwa na mapadri njiani kama kuni! Hata kaburi lake hujui liliko!"

Na sauti yangu ilikatika kwa kilio. Hapo ndipo kila mtu alipojua kwamba sitanii.

Mtoto mmoja aliuliza kitu, akazibwa mdomo. Stefano alibaki amesimama. Msalaba ukashuka polepole mpaka ukagusa vigae. Akasema, "Karibu sana, mama," akakaa.

Agnes alikuwa ananivuta khanga. "Kaa chini, bibi. Kaa. Kaa chini."

Nyuma ya mguu wa jiwe

Nje, watu walinipita kwa mbali kama unavyopita karibu na mbwa usiyemjua. Agnes akanipeleka kwenye kivuli cha ukuta. Hakunikemea; angenikemea ingekuwa afadhali.

"Bibi," akasema, "ulimdhani Stefano ni nani?"

"Mshambaa."

"Mama yake ndiye Mshambaa. Baba yake ni Mnyamwezi. Babu yake alikuja na misafara ya mizigo akiwa kijana, akaacha mzigo hapa, akawa mwashi."

Nikageuka kuutazama ukuta.

"Ule ukuta wa kushoto ni wa Wanyamwezi," Agnes akaendelea. "Wa kulia ni wa Wazigua. Watani, wakakataa kuigana. Hawa wakichonga madirisha hivi, wale wanayafanya vingine makusudi, huku wanatukanana mchana kutwa mpaka padri akachoka. Kila ukumbusho, Stefano anautukana ukuta wenu, na Mzigua yeyote aliyepo anasimama kuutukana wa kwao. Hiyo ndiyo raha ya siku. Lakini Wazigua wetu wa hapa walihamia vijiji vipya, huko kwenu. Miaka hii anatukana peke yake, hakuna wa kumjibu. Jana aliposikia Mzigua amekuja, alikwenda nyumba kwa nyumba anawaambia watu wasikose."

Wenzangu, nilitamani ardhi ile ifunguke. Mimi, niliyemnyang'anya mzee wa watu karanga njiani na kumfundisha mwalimu sheria za utani! Niliitiwa kile ninachokijua kuliko kitu chochote, mbele ya watu walionisubiri, nami nikakipokea kwa matusi ya kweli. Tena kwa sababu gani? Kwa sababu mtu amemgusa babu yangu ambaye mimi mwenyewe nilimtia chumvi tangu stesheni ya Korogwe.

Stefano akatokea upande wa pili wa ule mguu wa jiwe. Kanzu ameivua, amevaa shati. Akasema, "Mama, naomba nikuonyeshe kitu, kama huna haraka."

Nikamfuata. Ilikuwa hatua chache tu. Kwenye kona ya ule mguu na ukuta, pale kivulini, kuna kaburi. Limezungushiwa mawe yaleyale ya ukuta, yamepangwa vizuri, na msalaba wa chuma usio na maandishi.

"Huyu ndiye babu yangu," akasema. Hakupandisha sauti. "Ukuta huu ulipofika usawa wa madirisha uliporomoka. Yeye alikuwa upande huu anakoroga chokaa, amekuja kuwatukana kama kawaida yake. Wazigua ndio waliomtoa kwenye mawe. Ndio waliomchimbia. Baba aliniambia walimtukana tangu asubuhi mpaka jioni, huku wanalia, na wakadai kuku. Kisha wakaujenga ukuta tena palepale, na mguu huu wakauweka hapa usimwangukie mara ya pili."

Nilishika ule mguu wa jiwe.

"Labda babu yako alikuwepo," akasema.

Alikuwepo. Aliniambia habari za kamba, za mawe, za chokaa iliyomchoma vidole. Hilo hakuniambia. Nilikumbuka tu kwamba alipokuwa anatuhadithia habari za kanisa, akifika kwenye madirisha alinyamaza, akaomba maji.

Nikapiga magoti pale kwenye mawe, mtu mzima mimi, nikasema, "Nisamehe, baba."

"Nimekusamehe, mama," akasema, mara moja, kama unavyomsamehe mtu usiyemjua aliyekukanyaga sokoni. "Inuka, utachafua nguo. Kalibu nitaiteremsha sasa hivi."

Na akaiteremsha. Mnaelewa? Sikukataliwa. Nilijua nimeshawaharibia kijiji, nimeshapanga nitakavyowatazama mikono mitupu na mvua inakuja. Yeye akapanda ngazi mwenyewe, akaifuta vumbi kwa kitambaa, akanionyesha mahali ambapo mbao moja imelegea ili fundi wetu aikaze kabla ya kuitumia. Chakula cha mchana nilipewa kwanza, wali na kuku, paja lote. Nilikula nyama ile kama natafuna kamba.

Kurudi na nusu duara kichwani

Aliibeba yeye mpaka stesheni. Nilimkatalia, akasema si neno. Nilitembea nyuma yake nikitazama ile nusu duara inayoyumba juu ya kichwa chake, nikawaza, huyu nitamrudisha. Nitamchokoza tu. Utani ukikatika si unafungwa palepale?

Nikakohoa. "We Mnyamwezi! Beba vizuri. Si ndiyo kazi pekee mliyokuja nayo duniani?"

Akasimama. Akageuka, uso umejaa wasiwasi. "Samahani, mama. Imekugonga?"

Nikasema hapana.

Tukafika. Treni, mnajua, ilikuwa iko njiani. Alinitafutia kivuli, akatandika gunia, akakaa mbali kidogo kama mtu anayemlinda mgeni wa padri. Akatoa chungwa mfukoni, akaanza kulimenya kwa kisu. Nikakaa nalitazama chungwa lile. Kisha nikanyanyuka, nikalinyakua kutoka mkononi mwake, nikalitia meno hapohapo, maji yakanichuruzika kidevuni. Nikamtazama. Nikangoja. Nitukane, baba. Niite mwizi, niite fisi, nipore kifurushi changu ukikalie.

Akaingiza mkono mfukoni, akatoa chungwa la pili. Akanipa kwa mikono miwili.

"Chukua na hili, mama. Safari ni ndefu."

Treni ilipokuja alinipandishia kalibu, akaomba abiria wapishe. Akanipa mkono. "Tusalimie Sindeni," akasema. Nilikaa dirishani nimeinamia nje mpaka Mnyuzi ikaisha, nikidhani labda atangoja treni iondoke kwanza, kisha ajaze mapafu na kunirushia moja, hata moja ndogo. Alikuwa amesimama wima, anapunga mkono kwa adabu.

Ndani ya behewa watu walianza. "Bibi, hilo ni gurudumu la nusu? Nusu nyingine umemwachia nani?" Siku nyingine ningewajibu mpaka Korogwe. Niliwaambia ni ya kanisa, nikafunika uso kwa khanga. Kwa Mwanaidi sikueleza kitu, alidhani tumbo. Lori la kurudi huku halikupasuka gurudumu wala halikuchelewa, nami nilitamani lichelewe.

Hapa nyumbani

Mengine mliyaona. Fundi Rashidi aliikaza ile mbao, akaisimamisha mlangoni, akapanga matofali, akangoja, akaitoa. Tao likabaki juu peke yake, mkapiga vigelegele, mkanibeba mabegani. Mtu aliyebebwa vile anatakiwa acheke, nami nilicheka, na wengine wenu mliona kwamba sicheki.

Na jioni ile mkaniuliza lile ambalo sisi wote humuuliza mtu anayetoka safari: watani wa huko wamekutukana nini? Tupe matusi mapya. Nikawaambia nimechoka. Sikuchoka. Nilikwenda kwenye nyumba waliyoijenga mababu zetu huku wakitukanana, nikarudi na "asante" na "samahani" na "karibu, mama". Ndiyo matusi niliyorudi nayo.

Kalibu ni ya watu, itarudi Mnyuzi mvua zikikatika. Mwenyekiti anasema atatuma vijana. Nimemkatalia. Nitaipeleka mwenyewe na nitachukua jogoo mwekundu, yule mkorofi, nimfunge miguu nimwachie Stefano mlangoni pa kanisa. Akimnyakua bila kuniuliza, akaniita mchawi wa Sindeni mbele ya Jumapili nzima na kuutukana ukuta wetu jiwe kwa jiwe, mtanisikia nikirudi kabla hamjaliona lori.

Akiniambia "asante sana, mama, karibu ukae," nitakaa. Nitakula watakachonipa, nitasema asante na mimi.